Anayeweza Kungoja: Maneno Mbele ya Wakulima wa Zabibu, Dodoma

Mbukwenyi!

Ahsanteni. Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama mliotoka shambani alfajiri, na ninyi vijana mnaosomea hoteli mliokaa nyuma kule: nimepewa saa moja nizungumzie mvinyo mwekundu wa Italia uliozeeka, na nimekuja nao. Chupa hizi mbili zilizosimama mezani ni Barolo ya mwaka 1996. Zilikuwa tatu. Ya tatu niliifungua leo asubuhi nikakuta imeharibika. Nitairudia.

Najua humu ndani wapo wasiokunywa, kwa dini au kwa uamuzi wao. Sikuja kumshawishi mtu. Nimekuja kuongea na watu wanaopogoa mizabibu kuhusu watu wengine wanaopogoa mizabibu, na neno langu kubwa nalitoa mapema, ili hata atakayesinzia awe ameshalisikia: uzee wa mvinyo huu haukuletwa na pipa wala chupa. Umeletwa na mtu aliyeweza kungoja. Na kwa miaka mingi sana mkulima wa kule hakuweza.

Kwanza tuutazame. Nimemimina kidogo kwenye glasi hii, naomba ipitishwe safu kwa safu. Msinywe bado. Ishikeni juu ya ile karatasi nyeupe ya ratiba mliyopewa mlangoni. Mnaona? Mvinyo wetu wa zabibu ya Makutupora ukiumimina ni mzito, kama rosela iliyochemshwa mpaka ikakolea. Huu unapitisha mwanga, na maandishi ya ratiba yanasomeka chini yake. Katikati una wekundu wa tofali la kuchoma. Pembeni, pale unapogusana na kioo, umegeuka rangi ya chungwa. Asiyejua angesema umetiwa maji.

Haukutiwa maji. Zabibu yake inaitwa Nebbiolo, na hivyo ndivyo ilivyo tangu siku ya kwanza. Rangi ya zabibu nyekundu hukaa kwenye ganda, na ganda la Nebbiolo lina rangi haba, tena ya aina inayoliwa upesi na hewa. Wakati mivinyo mingine ingali ya zambarau, hii imeshaanza kufanana na chai ya rangi. Lakini ganda hilohilo limejaa kitu kingine, na hicho ndicho hadithi yote ya Barolo. Limejaa ukakasi.

Nani hapa amekula bibo? Naona mikono, hao lazima ni watu wa Mtwara na Lindi. Ukilitafuna bibo utamu unatangulia, halafu ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani, kama vile mtu amekufuta mdomo kwa kitambaa kikavu. Chai iliyosahauliwa kwenye majani nayo hufanya hivyo. Kinacholeta hali hiyo wataalamu wanakiita tanini. Ikifika mdomoni inazishika protini za mate, mate yanaacha kuteleza, nawe unahisi ukavu. Barolo changa, iliyotoka tu pipani, ina ukakasi kiasi kwamba nilipoonjeshwa mara ya kwanza nilidhani ni dawa ya minyoo. Juu ya ukakasi ina uchachu. Ukiona ile rangi nyepesi unajiandaa kwa kitu laini, halafu unapigwa kofi.

Miaka ndiyo inayoutuliza. Ndani ya chupa, tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinajifunga minyororo. Baadhi ya minyororo hiyo inakua mpaka inakuwa mizito, haielei tena, inazama. Ndiyo ule utando mweusi mnaouona chini ya chupa ile, nami nilizisimamisha chupa zote tangu Jumatatu ili ushuke wote. Hewa nayo inaingia kidogo mno kupitia kizibo, mwaka hadi mwaka. Rangi inapungua, ukali unapungua, na harufu zinahama kutoka kwenye matunda kwenda kwingine kabisa.

Vijana wa hoteli, andikeni hapa, maana mgeni atakuuliza. Wenyeji wanapoeleza harufu ya Barolo hutaja waridi na lami. Waridi lenyewe si bichi. Ni lile lililokauka katikati ya kurasa za Biblia ya bibi. Lami ni ya barabara mpya saa nane mchana, roli likiwa limeshapita. Chini ya hizo mbili kuna ugoro, ngozi ya viatu, na uvumba misa ikishakwisha. Kuna nyingine ambayo mtu wa Dodoma anaijua kuliko mtu yeyote wa Ulaya: udongo mkavu unapopata matone ya kwanza mwezi Desemba. Mimi niliitambua kabla ya zote. Nilikuwa mbali na nyumbani, nikashusha glasi, nikashindwa kusema.

Mvinyo huu unatoka Langhe, vilima vilivyo kusini mwa mji wa Alba, katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Siku ya anga safi unaiona milima ya Alpi imezunguka mbali, nyeupe kwa theluji. Vijiji vinavyoruhusiwa kuandika jina Barolo kwenye chupa ni 11 tu, na kimojawapo kinaitwa Barolo chenyewe. Vingine ni kama La Morra, Castiglione Falletto, Monforte na Serralunga. Jina Nebbiolo watu wengi wanalihusisha na nebbia, yaani ukungu, kwa sababu inavunwa Oktoba vilima vikiwa vimezama kwenye ukungu. Wengine wanasema ni kwa ajili ya lile vumbi jeupe linalofunika tunda, kama limepakwa unga. Nimechuma katika ukungu ule. Unamsikia mwenzako mstari wa pili akikata na mkasi, kisha unausikia mkungu ukidondoka kwenye kreti, lakini yeye mwenyewe humwoni.

Nilikwenda Torino kusoma mwaka 2000, na kila vuli nikashuka Langhe kutafuta ada kwa kuvuna na kuosha mapipa. Nilimfanyia kazi mzee mmoja wa Serralunga, mwenye shamba dogo, asiyeongea sana. Mwezi wa Februari mmoja alinipandisha kilimani. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu, nami nikijiuliza nimeletwa kuonyeshwa nini. Akanyoosha mkono. Upande wa pili wa bonde, katikati ya weupe wote ule, kulikuwa na kipande cheusi, kama kiraka kwenye shuka. Theluji ilikuwa imeyeyuka pale peke yake. Akasema, babu yangu hakuwa na kipimajoto, alipanda Nebbiolo pale theluji inapoondoka kwanza, kwingine kote akapanda kisichodeka. Kwa Kipiemonte mteremko unaolitazama jua namna hiyo unaitwa sorì.

Na Nebbiolo inadeka kwelikweli. Inachipua mapema kuliko wenzake, kwa hiyo baridi ya mwishomwisho inaweza kuikuta na machipukizi. Inaiva mwisho kabisa, kwa hiyo mvua za vuli nazo zinaikuta juu ya mti. Katikati kuna mvua ya mawe. Septemba 2002 ilipiga baadhi ya vilima vya Barolo mpaka wapo waliochukua uamuzi wa kutotoa Barolo hata chupa moja ya mwaka ule. Mwaka uliofuata Ulaya iliungua kwa joto, tukachuma Septemba badala ya Oktoba. Sisi hapa Dodoma mzabibu haulali. Tunapogoa mara mbili, tunavuna mara mbili, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Kule una nafasi moja kwa mwaka. Ikienda, imekwenda.

Kuhusu udongo sitakaa sana. Upande wa La Morra na kijiji cha Barolo mvinyo hutoka laini zaidi na hufunguka mapema. Upande wa Serralunga na Monforte ardhi ni ya umri mkubwa zaidi na mvinyo wake ni mgumu, unataka miaka. Hizi chupa ni za Serralunga. Na 1996 ulikuwa mwaka wa mvinyo mgumu kila upande.

Sasa historia. Zamani mvinyo wa Nebbiolo haukuwa kama huu. Mwaka 1787 Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipita Torino akaonjeshwa, akaandika kwamba una utamu, una ukakasi, na unachangamka kama shampeni. Baridi ya Novemba ilikuwa ikiizima hamira kabla haijamaliza kula sukari, kwa hiyo sukari ilibaki, na joto likirudi mvinyo unaanza upya kutoa mapovu. Kuufanya uchachuke mpaka mwisho, ukauke, utulie, lilikuwa jambo la karne ya 19. Wanahistoria wanagombania nani hasa aliyelianza. Majina yanayotajwa ni ya Louis Oudart, mfanyabiashara wa mvinyo kutoka Ufaransa, na Paolo Francesco Staglieno, jenerali aliyesimamia ghala za Camillo Cavour pale Grinzane. Cavour huyu ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana mwaka 1861.

Lakini jina ambalo kila mtoto wa kijiji kile analijua ni la mwanamke. Juliette Colbert alitoka Ufaransa akaolewa mwaka 1806 na Tancredi Falletti, mwenye mashamba ya Barolo. Waitalia walimwita Giulia. Hawakupata mtoto. Mume alifariki 1838, naye akaishi mjane mpaka 1864. Simulizi inasema mfalme Carlo Alberto alimtania kwamba anausikia tu huo mvinyo wake maarufu, hajauonja. Basi siku moja mikokoteni ya ng'ombe ikaonekana ikiingia Torino, mapipa 325, moja kwa kila siku ya mwaka, ukiondoa 40 za Kwaresima. Mimi mwenyewe hesabu hiyo ya Kwaresima inanifurahisha kuliko mapipa. Yule mama alikuwa mtu wa sala. Aliingia magereza ya wanawake Torino wakati hakuna mtu wa tabaka lake aliyethubutu, akafundisha wafungwa kusoma, akapigania walale mahali penye hewa. Alipokufa mali yake ilikwenda kwenye taasisi ya hisani aliyoiandaa mwenyewe.

Basi Barolo ikaitwa mvinyo wa wafalme. Mfalme Vittorio Emanuele wa Pili naye akawa na shamba lake Serralunga, Fontanafredda, na shamba hilo lipo mpaka leo.

Hapo ndipo mimi na vitabu vya watalii tunapoachana njia. Mwenye kasri alikuwa na ghala la mawe chini ya ardhi, alikuwa na mapipa, na watoto wake hawakulala na njaa. Alivuna, akafunga mlango, akangoja miaka mitano. Aliyepogoa mizabibu ile hakuwa na mlango wa kufunga. Mzee wangu wa Serralunga alinihadithia habari za baba yake. Oktoba wanapakia zabibu kwenye mkokoteni, wanashuka Alba mpaka uwanja wa soko. Wako hapo wakulima mia, kila mmoja na mkokoteni wake. Madalali wanazunguka na mikono mfukoni. Dalali hana haraka. Saa nne asubuhi anataja bei, unakataa. Saa saba harudi. Saa kumi zabibu za chini zimeshaanza kutoa maji, yanachuruzika kati ya magurudumu, na nyigu wamefika. Ndipo anarudi, na bei siyo ile ya asubuhi. Utafanya nini? Uzipandishe tena kilimani?

Naona wazee wangu mmeinamisha vichwa.

Baba yangu alikuwa na eka moja na nusu ya zabibu kule Mpunguzi. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 14. Tulikaa siku mbili nje ya geti la mnunuzi mmoja, mimi na baba na kreti zetu, foleni haisogei. Siku ya kwanza nilikuwa nikifukuza nyuki kwa kanga. Siku ya pili sikufukuza tena. Harufu ilikuwa imeshageuka, ile ya uchachu unaochoma pua. Jioni alitoka karani, akabonyeza tunda moja kwa kidole gumba, akaandika kitu kwenye daftari, akasema hizi mzee urudi nazo. Baba hakubishana. Tulizimwaga kwenye korongo njiani. Alinishika bega akasema, zabibu haimngoji mtu, na mtu maskini hamngoji mtu.

Kwa hiyo mzee wa Serralunga aliponisimulia habari za mkokoteni, miaka tisa baadaye na bara jingine, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nini kilibadilika kule? Watu wanapenda kusema ni ufundi, na ufundi upo, lakini nisikilizeni habari ya kiwanda cha chokoleti. Baada ya vita kuu, mwaka 1946, ilianzishwa Alba kampuni ya Ferrero. Vilima vilikuwa na umaskini mkubwa, vijana wakikimbilia viwanda vya magari Torino. Ferrero ilikuwa ikipeleka mabasi vijijini kuwachukua wafanyakazi na kuwarudisha jioni, hivyo mtu akabaki na nyumba yake na mizabibu yake. Baba wa mzee wangu alipanda basi hilo miaka mingi. Kwa mshahara ule, Oktoba moja, hakushuka sokoni. Alizisindika zabibu zake mwenyewe, akajaza pipa moja, akafunga mlango. Mzee alisema mama yake alilia kwa hofu, kwamba pesa ya mwaka mzima imelala gizani na hakuna anayejua kama itaamka.

Kuanzia miaka ya 1960 waliofanya hivyo waliongezeka. Mwaka 1961 yakaanza kuandikwa kwenye chupa majina ya vilima vyenyewe, si jina Barolo tu. Serikali ikaweka kanuni za jina hilo 1966, ikazikaza 1980.

Halafu ukaja ugomvi wa mapipa. Mapipa ya asili kule ni makubwa mno, ya mwaloni wa Slavonia, huko Kroatia, mengine yanabeba lita 5,000 na zaidi, na yanatumika vizazi. Mtu mzima anaingia ndani kuyasugua. Nimeingia. Kijana mmoja wa La Morra, Elio Altare, alikwenda Burgundy mwaka 1976, akaona wakulima wenzake wa Ufaransa wana magari mazuri na wanakwenda likizo, yeye amelala kwenye kigari chake. Aliporudi alitaka kubadili kila kitu: kupunguza mikungu juu ya mti, kufupisha siku za maganda ndani ya mvinyo, kutumia mapipa madogo mapya ya lita 225 yanayolainisha ukakasi mapema. Baba yake alikataa. Mwaka 1983 Altare alichukua msumeno wa mnyororo akayakatakata mapipa makubwa ya familia. Baba alimnyima urithi.

Wengi wa rika lake walimfuata, dunia ikawapenda, bei zikapanda. Upande wa pili walisimama kina Bartolo Mascarello, aliyekuwa akiketi kwenye kiti cha magurudumu kijijini Barolo akichora lebo kwa mkono wake, na lebo yake moja ikakataa pipa dogo na kumkataa Berlusconi, yule mwanasiasa tajiri wa Italia, kwa pamoja. Alifariki 2005 bila kuingiza pipa dogo hata moja ghalani.

Mimi ladha yangu iko kwa Mascarello. Mvinyo uliokaa na maganda siku 30, wengine hata 60, kisha pipa kubwa la kale lisiloacha harufu ya mbao, ndio huu mlioupitisha mkononi. Lakini siwezi kumcheka Altare. Ule msumeno haukukata mbao tu. Alikuwa kijana aliyechoka kuona ukoo wake unafanya kazi kama punda na kuishi kwa huruma ya dalali, na ndiye aliyewafanya vijana wa vilima vile waamini kwamba unaweza kuwa mkulima na usione aibu. Leo pande zote mbili zimesogeleana. Wengi wamerudi kwenye pipa kubwa, na karibu wote wanapunguza mikungu kama alivyofundisha yeye.

Nigusie na mwaka 1986, maana haifai kuuruka. Wafanyabiashara wasio na utu walichanganya mvinyo wa bei ya chini na methanoli ili kuupandisha nguvu, na zaidi ya watu 20 wakafa Italia, wengine wakapofuka. Mmoja wa wahusika alikuwa Narzole, ng'ambo tu ya mto kutoka eneo la Barolo. Sisi tunaijua methanoli, imetuulia ndugu na majirani kwenye pombe za uchochoroni. Kule soko lote lilianguka, la wezi na la waaminifu. Waliosimama tena haraka ni wale waliokuwa na jina lao wenyewe kwenye chupa na shamba ambalo mtu angeweza kwenda kulitazama.

Sasa nije kwenye kungoja kwenyewe, kwa tarakimu. Kanuni inataka Barolo ikae miezi 38 kuanzia Novemba mosi ya mwaka wa mavuno, na kati ya hiyo 18 iwe ndani ya mbao. Ile inayoitwa Riserva miezi 62. Zabibu za Oktoba 2024 haziuzwi kama Barolo kabla ya Januari 2028. Hebu fikirieni eka yenu. Mmevuna, mmelipa vibarua, mmelipa dawa, na senti ya kwanza inaonekana baada ya miaka mitatu na ushee, huku nyuma yake kuna mavuno mengine matatu yamelala yakisubiri zamu.

Wanaishije? Nilimwuliza mzee swali hilo kabla sijamwuliza lolote kuhusu ladha. Akanipeleka kwenye kona ya ghala nisiyoijali, penye chupa zisizo na maringo. Dolcetto. Zabibu inayoiva mapema, mvinyo wake hunywewa ndani ya mwaka, na kule ndio mvinyo wa chakula cha kila siku. Pembeni yake Barbera. Kwenye miteremko ya chini, isiyopata jua la kutosha, ana mihazeli, na njugu zake zina soko kwa sababu kiwanda cha chokoleti kinazitaka. Akasema, Dolcetto inalipa umeme, Barbera inalipa vibarua, njugu zinalipa shule. Barolo haijawahi kulipa kitu chochote mpaka iko tayari. Wageni wanaokwenda kule wanapiga picha na Barolo. Mimi ningependa mkulima wa Dodoma akienda aombe kuonyeshwa ile kona.

Na wamisionari walioleta mizabibu Bihawana, hapa Dodoma, miaka ya 1950 walileta mti na mkasi wa kupogolea. Ghala lenye ubaridi la kuuhifadhia mvinyo mkulima hakupata, na mwenye nyuzi 30 za joto chumbani hawezi kuambiwa tu kwamba asubiri. Chupa hizi zisingefika hivi kama zingelala kwangu. Mwisho wa mavuno ya 2003 nilimwomba mzee anilipe sehemu ya ujira kwa chupa, akanipa sita, akaniambia ziache hapa, utazifuata. Zililala ghalani kwake kwenye nyuzi 12 au 13, mwaka mzima hazibadiliki. Mzee hayupo tena. Mwezi uliopita bintiye alizifuta vumbi akanikabidhi tatu za mwisho, nikazifunga kwenye vitenge katikati ya nguo.

Ile iliyoharibika iko chini ya meza, na atakayependa atainusa. Kizibo kilikuwa kizima, kinapendeza kabisa. Lakini mvinyo unanuka gunia lililoloa na kusahauliwa stoo. Ni ugonjwa wa kizibo. Kuna kemikali inayojengeka kwenye gamba la mti linalotengeneza vizibo, chembe zake kidogo mno zinatosha kuua waridi na lami na kila kitu. Haidhuru afya. Inaiba tu. Karibu miaka 30 ya subira, na huwezi kujua mpaka siku unapofungua. Vijana wa hoteli, mgeni akirudisha chupa kwa harufu hiyo msibishane naye. Nuseni wenyewe, mleteeni nyingine.

Hizi mbili ni nzima. Nimezifungua saa tatu zilizopita ili zipate hewa. Mkizimimina, chupa iinamishwe polepole kwenye jagi la kioo, taa au mshumaa uwe nyuma ya shingo yake, na mkono usitetemeke. Mkiona uzi mweusi wa mashapo unakaribia shingo, simamisheni hapohapo. Msione uchungu kwa kitakachobaki chini.

Tuko watu kama 40, na chupa mbili ni lita moja na nusu, kwa hiyo kila mmoja atapata kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Chovyeni midomo, muache ukakasi ufike kwenye fizi. Bado upo, mtaukuta, ila sasa unashika taratibu na kuachia. Jibini na mishikaki iko pale mlangoni. Asiyekunywa aje anuse tu, harufu ya ile mvua ya Desemba ni ya kila mtu.

Nianze na wazee wa mstari wa mbele. Mzee wangu wa Mpunguzi, uliyemfahamu baba, karibu, glasi hii ni yako.